UGONJWA WA AKILI UNATIBIKA: TUCHAGUE DAWA NA MATUNZO PAMOJA NA MGONJWA

Mtu akivunjika mguu kijijini petu, hatukai bure. Tunatafuta machela au baiskeli, tunampeleka hospitali. Jirani huyu analeta uji, jirani yule anapalilia shamba lake. Lakini mtu akiugua akili, mara nyingi kitu cha kwanza kutafutwa ni kamba.

Leo tutaeleza ugonjwa mmoja wa akili ambao wataalamu wanauita skizofrenia. Huko vijijini wengi wetu tunauita kichaa au wazimu. Maneno hayo si mazuri, maana yanamtukana mgonjwa na hayatufundishi kitu. Tutaeleza dawa zake, tutaeleza matunzo yake, na tutaeleza namna ya kuchagua. Sisi wa elimu ya watu wazima si madaktari. Kazi yetu ni kuwasaidia wananchi waende kwa daktari wakijua la kuuliza.

UGONJWA HUU UKOJE?

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba duniani kote mtu 1 kati ya watu 300 hivi ana ugonjwa huu. Upo Ulaya, upo Asia, upo Afrika. Hauchagui tajiri wala maskini. Mara nyingi huanza katika ujana, tangu miaka ya mwisho ya kubalehe mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kwa wanaume kwa kawaida huanza mapema kuliko kwa wanawake.

Dalili zake ni hizi:

1. Mgonjwa anasikia sauti za watu ambao wengine hatuwasikii. Sauti hizo humtukana au humwamuru.
2. Anaamini mambo yasiyo ya kweli, na humtoi katika imani hiyo. Pengine anasema anafuatwa, au chakula kina sumu.
3. Maneno yake hayashikamani. Anaanza hapa, anamalizia kule.
4. Anajitenga, haogi, hana hamu ya kazi wala mazungumzo. Watu husema ni mvivu. Si uvivu, ni ugonjwa.

Dalili hizo zikidumu kwa majuma na miezi, huenda ni skizofrenia. Lakini tahadhari! Mtu akichanganyikiwa ghafula, tena ana homa, huenda ni malaria iliyopanda kichwani au ugonjwa mwingine wa hatari. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Pombe, bangi na kifafa navyo vinaweza kumfanya mtu aonekane amechanganyikiwa. Kwa hiyo kazi ya kupima ni ya mtaalamu, si ya jirani.

Ugonjwa unatokana na nini? Wataalamu wanajua kwamba damu ya ukoo ina sehemu yake, shida wakati wa mimba na kuzaliwa zina sehemu yake, na taabu kubwa za maisha pia. Bangi huongeza hatari kwa vijana. Malezi mabaya ya mama sio chanzo. Wala si aibu ya ukoo.

HABARI ZA MASANJA

Tuchukue mfano. Kijana huyu tumwite Masanja. Hayupo mtu mmoja mwenye jina hilo tunayemsema. Tumeunganisha mambo tunayoyajua ya familia nyingi.

Masanja alikuwa na miaka 22. Alijua kulima pamba na alijua hesabu, hata watu walimwita asimamie mizani. Halafu akaanza kukaa peke yake. Usiku akawa anajibizana na watu wasioonekana. Akakataa kula kwa mama yake akisema kuna sumu. Siku moja alichukua panga akidai majirani wanamjia.

Wanaume walimkamata wakamfunga kwenye nguzo ya nyumba. Familia ikauza ng'ombe wawili kutafuta tiba huku na huku. Miezi minne ikapita. Kamba ikamla vifundo vya mikono mpaka vikawa vidonda. Hatimaye mama akasema, "Mwanangu si mbuzi." Akampeleka hospitali ya wilaya.

Huko alipewa vidonge vya haloperidoli. Baada ya wiki kadhaa sauti zikapungua, akaanza kula, akalala usiku. Nyumbani wakashangilia. Lakini baada ya miezi mitatu ugonjwa ukarudi kwa kishindo. Mama alipoinua mkeka wa kijana alikuta vidonge vingi chini yake. Masanja alikuwa anavitema.

Watu wakasema, "Dawa ya hospitali imeshindwa." Je, ni kweli? Tutarudi kwa Masanja baadaye. Kwanza tujifunze dawa zenyewe.

DAWA ZINAFANYA NINI?

Zamani hospitali za wagonjwa wa akili zilikuwa na kuta na vyumba vya kufungia, basi. Dawa haikuwepo. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walianza kutumia dawa iitwayo klopromazini. Wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele miaka mingi walitulia, wakaanza kuzungumza. Mwaka 1958 ikapatikana haloperidoli huko Ubelgiji. Tangu hapo zimeongezeka nyingine.

Dawa hizi hazing'oi ugonjwa kama tunavyong'oa kisiki. Zinaushika. Zinapunguza sauti na imani zisizo za kweli. Usingizi na utulivu huweza kuja katika siku chache, lakini sauti huweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kupungua. Kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza, wala usiongeze vidonge mwenyewe ili vifanye haraka.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2012 jarida la madaktari liitwalo Lancet lilitoa hesabu iliyojumlisha uchunguzi mwingi juu ya wagonjwa waliokwisha kutulia. Katika muda wa mwaka mmoja hivi, kati ya kila wagonjwa 100 walioendelea na dawa, 27 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya kila 100 walioachishwa dawa, waliorudiwa walikuwa 64. Hesabu hiyo ina mafundisho mawili. Dawa inakinga sana. Tena dawa peke yake haitoshi, maana hata walioendelea nayo wengine walirudiwa.

DAWA IPI TUCHAGUE?

Wananchi wengi wanafikiri dawa ya ugonjwa huu ni moja. La. Zipo za aina mbalimbali, na ingawa si zote zipo katika kila hospitali, mara nyingi pana nafasi ya kuchagua.

Dawa za zamani, kama haloperidoli na klopromazini, zinafanya kazi nzuri na bei yake si kubwa. Haloperidoli inaweza kukaza mwili, kutetemesha mikono na kupinda shingo. Klopromazini inaleta usingizi na kizunguzungu mtu akisimama ghafula. Tena inafanya ngozi iungue upesi kwa jua. Mkulima anayeimeza avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu.

Dawa mpya zaidi, kama olanzapini na risperidoni, kwa kawaida hazikazi mwili kama haloperidoli. Lakini zina mambo yake. Olanzapini hunenepesha, na inaweza kuleta ugonjwa wa sukari. Mgonjwa apimwe uzito na sukari mara kwa mara. Risperidoni ikiwa nyingi nayo hukaza mwili, na inaweza kumfanya mwanamke akose siku zake au atoke maziwa bila kunyonyesha.

Sindano ya muda mrefu huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, kufuatana na aina yake. Inamfaa mtu anayesahau vidonge au asiyependa kuvimeza kila siku. Ubaya wake ni kwamba ikishaingia mwilini haitoki upesi. Kwa hiyo kwanza mgonjwa hujaribiwa kwa vidonge vya aina hiyo hiyo. Sindano isiwe adhabu. Mgonjwa aelezwe, akubali.

Klozapini ni ya wale ambao dawa mbili zimejaribiwa vizuri zikashindwa. Inaweza kusaidia pale nyingine zilipokwama. Lakini inaweza kupunguza chembe za damu zinazopigana na magonjwa, kwa hiyo lazima damu ipimwe, hasa miezi ya mwanzo. Kwa mtu anayekaa mbali na hospitali, hilo ni jambo la kufikiria kabla ya kuanza.

Madhara mengi yana dawa yake. Mwili ukikaza au shingo ikipinda, daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadili dawa, au kuongeza dawa ya kulegeza ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane. Lakini mgonjwa akipata homa kali huku mwili umekakamaa na akili imezidi kuvurugika, hiyo ni hatari kubwa. Mpeleke hospitali mara moja.

Mwanamke mwenye mimba au anayetaka mimba amwambie daktari. Asiache dawa kimya kimya, maana ugonjwa ukirudi unaweza kumdhuru yeye na mtoto.

MASANJA ANAULIZWA

Mama alirudi hospitali na mwanawe. Safari hii walimkuta daktari mwingine, kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Huyu mtoto anatema dawa. Msemee."

"Nitasema naye, mama, lakini kwanza nimsikie. Masanja, ndugu yangu, ile dawa ilikuwaje mwilini?"

Masanja alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Inanifunga, daktari. Shingo inapinda. Mikono inatetemeka, jembe linaniponyoka. Mnasema nimepona, lakini hata kulima siwezi."

Mama akashtuka. "Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nani aliniuliza, mama?"

Ndugu wasomaji, hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Dawa haikushindwa. Kilichoshindwa ni mazungumzo. Kamba ya kwanza ilitolewa mikononi, ya pili ikawa ndani ya mwili, na mgonjwa akaikata kwa njia aliyoijua.

Daktari alieleza njia tatu: kupunguza kipimo na kuongeza dawa ya kulegeza, kubadili kwenda olanzapini, au baadaye kujaribu sindano ya kila mwezi. Alisema uzuri na ubaya wa kila moja. Wakahesabu nauli pia. Masanja mwenyewe akachagua kubadili dawa, na mama akakubali kuja naye kupima sukari na uzito. Dawa aliyoichagua hakuitema tena.

MATUNZO NI MGUU WA PILI

Mtu hatembei kwa mguu mmoja. Dawa ni mguu wa kwanza. Wa pili ni matunzo: maneno, kazi, nyumba na watu. Wengine wanafikiri matunzo ni huruma tu. Hapana, ni tiba kamili, nayo imechunguzwa.

Huko London, kuanzia miaka ya 1950, mtaalamu George Brown na wenzake walichunguza wagonjwa waliotoka hospitali. Waliona kwamba waliorudi katika nyumba za lawama na makaripio walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliorudi katika nyumba tulivu. Baadaye wataalamu wakaanza kuzifundisha familia juu ya ugonjwa na namna ya kusema na mgonjwa. Familia zikifundishwa, wagonjwa wanaorudiwa hupungua.

Mfano mwingine ni wa kwetu Afrika. Mwaka 1954 Dk. Thomas Adeoye Lambo alianza mpango huko Aro, Abeokuta, nchini Nijeria. Badala ya kuwafungia wagonjwa wote wodini, aliwapangia vyumba katika vijiji vya karibu, kila mgonjwa na ndugu yake. Walikwenda hospitali kutibiwa, kisha wakarudi kijijini kuishi na watu, kupika na kulima. Hapa Tanzania nako baadaye vilianzishwa vijiji vya wagonjwa wa akili kujifunza kilimo na maisha. Kimojawapo ni cha Hombolo, mkoani Dodoma.

Tena, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Shirika la Afya Duniani lilifuatilia wagonjwa katika nchi 9. Walipotazamwa baada ya miaka 2 na tena baada ya miaka 5, wengi wa Ibadan nchini Nijeria na Agra nchini India walikuwa na hali nzuri kuliko wa nchi tajiri. Wataalamu wamebishana juu ya sababu. Baadhi wanasema ni kwa kuwa vijijini mtu bado ana ukoo na kazi ya kufanya. Lakini ukoo unaofunga watu kamba hauwezi kujisifia habari hiyo. Unasaidia ukoo unaotunza.

Basi, nyumbani tufanye nini?

1. Tuseme naye polepole, kwa maneno machache. Akisema anasikia sauti, tusimcheke wala tusibishane. Tumwambie, "Sisi hatuzisikii, lakini tunaona zinakusumbua."
2. Tumpe kazi kidogo kidogo. Leo achote maji ndoo moja. Wiki ijayo apalilie matuta mawili. Tusimwache alale mchana kutwa, na tusimdai ekari nzima.
3. Tumwondolee pombe na bangi. Vinachochea ugonjwa.
4. Tuchague pamoja naye mtu wa kumkumbusha dawa, yule anayemwamini. Dawa zifungiwe mahali salama mbali na watoto.
5. Tujue dalili zake za mwanzo. Mmoja hukosa usingizi, mwingine huacha kula. Tukiziona tumpeleke mapema.
6. Akisema anataka kufa, tusidhani ni maneno tu. Wagonjwa wengine hujiua. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali.
7. Mtunzaji naye apumzike. Mama mmoja hawezi kubeba mzigo huu mwaka hadi mwaka. Baba, wajomba na ndugu wapokezane.

Hospitali nyingine zina wataalamu wa mazungumzo ya tiba, au vikundi vya wagonjwa na familia. Uliza kama vipo. Kama havipo, familia tatu au nne zenye mgonjwa zinaweza kukutana wenyewe na kumwomba muuguzi aje kuwafundisha.

WAGANGA NA MAOMBI

Wengi wetu huanza kwa mganga wa kienyeji, au kanisani, au msikitini. Hatumkatazi mtu kuomba wala kushauriana na wazee. Maombi yanaweza kumtia mgonjwa na familia moyo. Lakini tunasema wazi: asifungwe, asipigwe, asinyimwe chakula, asifukizwe moshi mpaka akose pumzi. Na asiambiwe aache dawa. Kama anakunywa mitishamba, daktari aambiwe, maana dawa mbili zinaweza kugombana tumboni.

AMEPATA NAFUU. JE, AACHE DAWA?

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu anapata nafuu, anasema, "Nimepona, vidonge vya nini?" Ni kama mtu anayebomoa paa kwa sababu halowi. Hakulowa kwa kuwa paa lipo.

Kama ni mara ya kwanza kuugua, ushauri ni kuendelea na dawa angalau mwaka mmoja baada ya dalili kuisha. Waliorudiwa mara kadhaa huhitaji miaka mingi zaidi. Mtu akitaka kuacha, ana haki ya kulisema jambo hilo bila kugombezwa. Daktari na mgonjwa wapange kupunguza polepole, familia ikitazama dalili. Kuacha ghafula ni hatari.

MASWALI YA KWENDA NAYO HOSPITALI

Kata sehemu hii, au iandike kwenye daftari lako:

1. Ugonjwa huu unaitwaje, na umejuaje?
2. Zipo dawa ngapi zinazofaa, na hii inazidije nyingine?
3. Itaanza kusaidia lini?
4. Madhara yake ni yapi, na tukiyaona tufanye nini?
5. Bei yake ni kiasi gani, na zahanati yetu inaipata kila mwezi?
6. Tukisahau siku moja tufanyeje?
7. Mbali na dawa, kuna mafunzo gani kwa mgonjwa na familia?

Mwache mgonjwa mwenyewe ajibu na aulize kwanza. Ninyi wengine mfuate.

NENO LA MWISHO

Masanja sasa analima nusu ekari ya pamba. Siku nyingine bado anasikia sauti, lakini ndogo, naye anasema, "Naziacha zipite kama redio ya jirani." Amenenepa kidogo, na sukari yake inapimwa. Mjomba aliyekuwa akimkaripia sasa ndiye anayempeleka hospitali kwa baiskeli. Mizani hajairudia. Labda atairudia, labda hapana. Lakini anakula na wenzake, na hakuna kamba nguzoni.

Ndugu, kama nyumbani kwako au kwa jirani kuna mtu aliyefungwa, usisubiri mavuno. Anza zahanati, mwone mganga au muuguzi wa zamu, aulizwe hospitali ipi ina huduma ya akili. Ukifika huko, mpe mgonjwa kiti na umwache aseme.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini Masanja alikuwa anatema vidonge?
2. Taja uzuri na ubaya wa sindano ya muda mrefu.
3. Kijijini kwetu mgonjwa wa akili anapewa kazi gani? Tungeweza kumpa ipi?
4. Ni maneno gani tunayoyatumia kwa wagonjwa hawa ambayo yafaa tuyaache?